Mionzi ya Angani na Mashimo ya Dhahabu

Ukitaja mionzi huko Geita au Kahama, wengi hufikiria bomu la Hiroshima au chumba cha eksirei. Hata hivyo, sasa hivi chembe zinazotokana na mionzi ya anga za mbali zinakupitia mwilini, takriban moja kila dakika katika eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mwaka 1912 Victor Hess wa Austria alipanda kwa puto hadi mita 5,300 hivi, akakuta mionzi ikizidi kadiri apandavyo.

Siku hizi kiasi chake hukadiriwa kwa kompyuta. Hupewa chembe moja, ikaifuata hewani: inagonga kiini cha naitrojeni, inazaa nyingine, nazo zinagonga tena. Kila mgongano huamuliwa kwa bahati nasibu, kama mtu arushaye dadu, na hesabu hurudiwa mara mamilioni ili upatikane wastani. Majibu yake yanatufaa sisi wa Ikweta. Usumaku wa dunia huku kwetu hurudisha chembe zote isipokuwa zile zenye nguvu nyingi mno. Kwa saa moja angani, abiria wa Mwanza kwenda Dar es Salaam hupata kama nusu ya anachopata arukaye kimo hicho hicho juu ya Ulaya ya Kaskazini.

Na mchimbaji je? Mwamba ni ngao kuliko hewa. Mwaka 1965 wanasayansi waliweka vyombo vyao zaidi ya kilometa 3 chini, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand, Afrika Kusini, ili wanase nyutrino zinazozaliwa angani. Chembe nyingine karibu zote zilikwisha kwama juu.

Lakini mwamba nao una mionzi yake. Urani iliyomo, hata ikiwa kidogo sana, huzaa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikivutwa kwa miaka mingi huleta saratani ya mapafu. Migodi mikubwa ya chini ya ardhi husukuma hewa kwa feni. Katika duara la mchimbaji mdogo, matimba hununuliwa kwanza, maana kifusi kinaonekana; feni itasubiri dhahabu itoke! Tume ya Nguvu za Atomu ndiyo msimamizi wa kinga ya mionzi nchini, na vikundi vya wachimbaji viiulize kuhusu vipimo. Na shimo lililokaa siku kadhaa bila hewa kupita lisiingiwe kabla hewa safi haijasukumwa hadi chini.