Siku 180 za Kupona

Labda munganga amekuambia ya kwamba una kifua kikuu. Labda si wewe. Ni mume wako, au mama yako, au mtu wa kanisa lenu. Usikate tamaa. Ugonjwa huu unaponyeka. Dawa zake zipo, na katika Kongo mgonjwa hupewa dawa hizo bure kwenye vituo vinavyotibu kifua kikuu.

Lakini liko jambo moja ambalo munganga hawezi kukupa pamoja na vidonge. Ni utaratibu wa siku zako. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, yaani siku 180 hivi. Mtu asiyepanga siku zake atapotea njiani, hata kama dawa yake ni njema sana. Basi soma maneno haya, uyafahamu, kisha uwasomee watu wa nyumbani mwako.

KWA NINI MIEZI 6?

Zamani watu wengi, hata katika Ulaya, walidhani kwamba kifua kikuu ni urithi wa jamaa. Tarehe 24 Machi 1882, munganga Robert Koch alitangaza mjini Berlin ya kwamba amekiona kijidudu kinacholeta ugonjwa huu. Lakini kumwona adui si kumshinda. Miaka mingi ikapita pasipo dawa. Mwaka 1943 streptomisini ilipatikana katika Marekani, na baada yake zikaja dawa nyingine. Hata hivyo, kwa muda mrefu mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu, au zaidi. Siku hizi, kwa sababu ya rifampisini na dawa zinazoungana nayo, miezi 6 inatosha kwa wagonjwa wengi.

Pengine utauliza: Kwa nini si majuma mawili tu? Fikiri moto wa shamba. Umechoma majani, na miali imezimika. Ukitazama kwa mbali, unasema moto umekwisha. Lakini chini ya majivu makaa yanaishi. Upepo ukivuma usiku, moto unawaka tena, na kesho nyumba ya jirani imeteketea. Vijidudu vya kifua kikuu ni vivyo hivyo. Vingi hufa katika majuma ya kwanza. Vingine vinalala, na dawa huviua polepole. Siku za mwisho za matibabu ni kwa ajili ya hivyo vinavyolala.

MWEZI WA HATARI

Mwezi wa kwanza mgonjwa ni mnyonge, na jamaa yote humwangalia. Hasahau dawa. Lakini baada ya majuma machache kikohozi kinapungua, homa inakwisha usiku, bugali na sombe vinakuwa na ladha tena. Mtu anachukua jembe lake na kurudi shambani. Hapo hatari inaanza! Anasema moyoni, “Nimepona.” Leo anasahau vidonge, kesho anaviacha kwa makusudi.

Angalia jambo linalofuata. Vijidudu vilivyobaki vinaweza kuzoea dawa, na dawa ile haiviui tena. Ugonjwa ukirudi namna hiyo, matibabu yake ni magumu zaidi na yanataka dawa nyingine. Tena mgonjwa anapokohoa nyumbani, anaweza kuwapa mke wake na watoto wake vijidudu vilevile vilivyozoea dawa. Kwa hiyo, anayeacha dawa katikati hajidhuru yeye peke yake.

JIWEKEE KUSUDI

Mtu anayesafiri kwa miguu hasemi tu, “Ninaenda mbali.” Anasema, “Leo nitalala penye mto, kesho nitafika sokoni, kesho kutwa nitafika kwetu.” Wewe pia ufanye hivyo.

Kwanza, sema kusudi lako kubwa kwa maneno ya wazi. Usiseme tu, “Nataka afya.” Sema, “Nitameza dawa hata siku ya mwisho, ili niwalee watoto wangu,” au, “ili nilime shamba langu mwenyewe.” Mwambie mtu mmoja nyumbani kusudi hilo, apate kukukumbusha siku utakapochoka.

Pili, gawanya safari. Miezi 2 ya kwanza kwa kawaida utameza dawa za namna nne, mara nyingi zikiwa zimeunganishwa katika kidonge kimoja. Hesabu ya vidonge hufuata uzito wa mwili wako. Miezi 4 inayofuata, kwa kawaida dawa ni za namna mbili. Mwisho wa mwezi wa 2 munganga atapima makohozi yako. Atayapima tena mwezi wa 5, na mwisho wa mwezi wa 6. Hivyo ni vituo vyako vya kupumzikia njiani. Ukifika kituo kimoja, shukuru, kisha tazama kile kinachofuata. Wengine hupewa mpango mwingine. Wao wafuate karatasi waliyopewa na munganga wao.

Tatu, kusudi la juma hili ni dogo: siku 7, mara 7. Mtu anaweza kushinda siku 7.

PANGA SIKU YAKO

1. Chagua saa moja, usiibadilishe. Dawa hizi hufanya kazi vizuri tumboni pasipo chakula. Basi meza asubuhi, kabla ya uji. Zikikuchafua moyo, mwulize munganga. Anaweza kukuruhusu kula kidogo pamoja nazo.

2. Funga dawa pamoja na kazi usiyoisahau kamwe. Kila asubuhi unanawa uso. Basi nawa uso, meza dawa, ndipo ufungue mlango wa kuku. Desturi hubeba mzigo ambao akili huuangusha.

3. Weka dawa mahali pamoja, pakavu, mbali na mikono ya watoto.

4. Tia alama. Kama una kalenda, piga msalaba juu ya siku. Kama huna, chora mstari kwa makaa ukutani. Usitegemee kichwa chako, maana siku zinafanana.

5. Gawanya kazi za nyumbani. Mama anayechota maji, anayelima, anayeuza sokoni na kupika, akiugua atakosa nafasi ya kupumzika. Baba na watoto wakubwa wachukue ndoo na kuni. Hiyo si aibu kwa mwanaume. Ni sehemu ya matibabu.

6. Acha pombe katika miezi hii. Dawa hizi zina kazi kubwa katika ini, na pombe huliongezea mzigo.

PANGA MAJIRA YAKO

Miezi 6 haipiti pasipo shughuli. Mvua za mwezi wa 9 zitakuja na mbegu zitangojea. Kutakuwa na kilio katika kijiji cha mbali. Ndugu atakuita mukachimbe dhahabu. Tazama mbele! Siku ya kuchukua dawa iandike kwanza, ndipo uweke soko na safari zikiizunguka. Kama ni lazima usafiri, mwambie munganga kabla ya kuondoka. Atakupa dawa za siku zile, au barua ya kupeleka kwenye kituo cha kule. Usiondoke kimya kimya.

HATA TAIFA LILIJIFUNZA KUHESABU

Usidhani kuhesabu siku ni jambo la kitoto. Mwaka 1977 jirani zetu wa Tanzania walianza mpango wa taifa wa kutibu kifua kikuu na ukoma. Munganga Karel Styblo aliwasaidia. Kila mgonjwa aliandikwa katika kitabu, na mtu alimwona akimeza dawa katika miezi ya kwanza. Kila miezi mitatu walihesabu: wangapi wamepona, wangapi wameacha, wangapi wamekufa. Njia hiyo ilizaa matunda, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaieneza katika nchi nyingi. Ikiwa taifa lilipata faida kwa kuhesabu wagonjwa wake, wewe utapata faida zaidi kwa kuhesabu siku zako.

Basi chagua mtu wa kukutazama ukimeza. Awe mke, mume, mzee wa kanisa au jirani mwaminifu. Huyo si askari. Ni mwenzako wa safari.

UKISAHAU SIKU MOJA

Usijifiche kwa aibu. Ukikumbuka siku ileile, meza. Ukikumbuka kesho yake, usimeze za siku mbili pamoja. Meza za siku hiyo tu, kisha mwambie munganga. Ukikosa siku kadhaa, nenda kwake upesi. Wengi huacha dawa kabisa kwa kuogopa kugombezwa. Heri kugombezwa leo kuliko kuzikwa mwaka kesho.

Mkojo wako ukiwa mwekundu kama chungwa, usiogope. Ni rangi ya rifampisini. Lakini macho yakiwa ya manjano, au ukitapika sana, au macho yakianza kuona vibaya, usingoje siku ya dawa. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Miguu ikifa ganzi, mwambie munganga pia. Ana dawa ya kukusaidia.

MAOMBI NA VIDONGE

Wengine husema, “Tumeomba, sasa sina lazima ya dawa.” Ndugu, omba, tena meza dawa. Mkulima anayeomba mvua haachi jembe nyumbani. Ninyi wazee wa kanisa, msimwambie mgonjwa yeyote atupe vidonge vyake. Siku ya kuacha itajulikana kwa kupimwa makohozi na kwa neno la munganga. Mpaka siku hiyo mtieni nguvu, mkamlimie shamba lake.

Tena walete watu wanaolala nyumba moja na mgonjwa wapimwe, hasa watoto walio chini ya miaka 5. Fungueni madirisha, upepo upite. Mgonjwa afunike kinywa anapokohoa.

Ndugu msomaji, hakuna anayeweza kukupa miezi 6 yote kwa mara moja. Unapewa asubuhi moja. Meza dawa ya asubuhi hiyo, utie alama, uende kazini. Kesho ufanye vivyo hivyo. Alama zikifika 180, na munganga akasema, “Umepona,” utaelewa kwamba ulishinda vita kwa mambo madogo yaliyofanywa kila siku.

MAULIZO

1. Kwa nini mgonjwa asiache dawa anapojisikia vizuri?
2. Kusudi lako kubwa ni nini? Kusudi lako la juma hili ni nini?
3. Utafunga dawa yako pamoja na kazi gani ya asubuhi?
4. Nani atakutazama ukimeza?
5. Ukisahau siku moja, utafanya nini?