Pita njia ingine

Wandugu wanafunzi, kila siku tunatoka masomo kupitia njia ile ile. Siku moja uzunguke kidogo, upitie Birere. Utaona mawe meusi, na nafasi zingine njia inapanda. Ni lava, maana yake moto wa mulima Nyiragongo ulioganda, wa tarehe 17 Januari 2002. Uliza wazee wa kule: watakuonyesha barabara ya zamani iko chini ya miguu yako.

Lava ile ilikata muji katikati mpaka ziwa Kivu. Watu wengine walikimbilia Gisenyi, wengine Sake. Tarehe 22 Mei 2021 mulima ulipasuka tena.

Basi kuzunguka si kupoteza wakati. Mwenye kujua njia moja tu, ikifungwa, atapita wapi? Mungu atulinde, lakini miguu nayo ijifunze.