Programu Isiyo na Maelezo

Mwaka jana kaka yangu alikwenda zake Doha, akatuachia dukani hapa Ganjoni programu ya kuhesabu vipuri aliyoiandika kwa C++. Baadaye ikaanza kutoa hesabu kombo, na ndani yake maelezo hakuna hata mstari!

Nikaamua kuweka Doxygen, kifaa cha bure kilichoanzishwa 1997 na Dimitri van Heesch wa Uholanzi. Kwenye tarakilishi yenye Ubuntu unaandika tu: sudo apt install doxygen. Kisha unaingia folda ya programu, unaandika doxygen -g, na hapo inazaliwa faili iitwayo Doxyfile. Hiyo ndiyo ya kurekebishwa. Mimi niliiacha vivyo hivyo, nikaambulia kurasa tupu. Kumbe RECURSIVE huwa NO, kwa hivyo folda za ndani haziguswi. EXTRACT_ALL nayo ni NO, kisichoelezwa hurukwa. Nikazigeuza zote YES, nikaandika doxygen, nikafungua index.html. Intaneti haihitajiki.

Kwenye OUTPUT_LANGUAGE Kiafrikana kimo, Kiswahili hakimo! Lakini maelezo yenyewe waweza kuyaandika kwa Kiswahili, baina ya /** na */.

Sasa shida: Doxygen hukusanya maelezo, haiyatungi. Nilipata majina matupu. Ikabidi nimpigie kaka simu, nimuulize jina moja moja. Ile toa_x, niliyoibadilisha mwenyewe nikidhani yahesabu mauzo, kumbe ilihesabu vipuri vibovu vilivyorudishwa. Nimeirekebisha, na juu yake nimeandika mistari mitatu. Baba ameisoma, akaelewa.