Bunduki ya upepo ya kale: Jinsi inavyofunguliwa na kurekebishwa nyumbani

KATIKA mabanda ya nyuma ya nyumba nyingi za Uingereza na Ujerumani, wapo watu wazima wanaozimaliza jioni zao za Jumamosi wakiwa wameinamia bunduki isiyotumia baruti. Ni bunduki ya upepo ya springi, ile ambayo baba au babu aliinunua katika miaka ya 1950 au 1960, akaitumia kumfundishia mwanawe kulenga shabaha, kisha ikawekwa juu ya kabati na kusahauliwa. Sasa imepatikana. Ikifyatuliwa hutoa mlio kama wa godoro la springi lililochoka, na punje yake hupiga chini ya pale ilipolengwa. Mwenye nayo anajiuliza kama aifungue mwenyewe au aipeleke kwa fundi.

Kazi yenyewe si ngumu kama wengi wanavyodhani. Mtu aliyewahi kufungua injini ya pikipiki ataiona nyepesi. Hata hivyo, yapo mambo mawili yanayoweza kumtia mwenye bunduki matatani, nayo ni springi iliyobanwa na sheria ya nchi anamoishi. La kwanza huvunja vidole na meno. La pili huweza kumpeleka mahakamani mtu ambaye nia yake ilikuwa kuondoa kelele tu.

Kabla ya kushika bisibisi, ni vyema kuelewa bunduki hii inavyofanya kazi, kwa sababu makosa mengi hutokana na kutoelewa hapo. Ndani ya silinda ya chuma mna pistoni, na nyuma ya pistoni mna springi ndefu yenye nguvu. Mtutu ukikunjwa kuelekea chini, mkono wa kukokia huivuta pistoni nyuma na kuibana springi mpaka inaswe na mtambo wa kifyatulio. Mlengaji huweka punje ya risasi mwanzoni mwa mtutu, hurudisha mtutu mahali pake, kisha hufyatua. Pistoni huruka mbele, huibana hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo hupita katika tundu dogo na kuisukuma punje.

Yote hayo hutokea katika muda mfupi mno, lakini ndani yake mna mambo ya kushangaza. Punje haianzi kuondoka pistoni inapoanza safari. Hukaa pale pale mpaka pistoni iwe imekaribia kabisa mwisho wa silinda, wakati hewa imebanwa katika nafasi ndogo sana na joto lake limepanda kwa mamia ya nyuzi. Pistoni inapokwenda mbele, bunduki nzima husogea nyuma. Pistoni inapokutana na ule mto wa hewa na kupunguza mwendo, bunduki husukumwa mbele. Ndiyo maana darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya baruti huweza kuharibika upesi ikifungwa kwenye bunduki ya springi, kwani haikuundwa kustahimili mshtuko wa pande mbili. Na ndiyo maana ni mwiko kufyatua bunduki hii bila punje. Pasipo punje ya kuizuia hewa, ule mto haupo, na pistoni hugonga chuma kwa chuma.

Tuchukue mfano wa bunduki moja inayofahamika sana, Weihrauch HW35. Kampuni ya Weihrauch ilianzishwa mwaka 1899 huko Zella St. Blasii, katika jimbo la Thuringia nchini Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilianza upya katika mji mdogo wa Mellrichstadt, Bavaria. HW35 ilianza kutoka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1950, nayo ni nzito, imara, na imeundwa kwa namna inayomruhusu fundi kuifungua na kuifunga tena mara nyingi. Nyingi za miaka ya mwanzo zina kizibo cha pistoni kilichotengenezwa kwa ngozi. Kifyatulio chake mashuhuri, kiitwacho Rekord, kimetumika pia katika modeli nyingine nyingi za kampuni hiyo.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba bunduki haina punje na haijakokiwa. Fundi mwenye busara hulikagua hilo mara mbili, hata kama bunduki haijaguswa kwa miaka 20. Kisha huipima kasi. Kipimo cha kasi ya punje, yaani kronografu, siku hizi hupatikana kwa bei isiyo ya kutisha, na bila hicho mrekebishaji anafanya kazi gizani. Hupiga punje 10 za aina moja na kuandika kasi ya kila moja. Takwimu hizo ndizo zitakazomwambia baadaye kama ameitengeneza bunduki au ameiharibu.

Kitako cha mbao hutolewa kwa kufungua skrubu mbili za mbele, moja kila upande, pamoja na zile za chuma kinachozunguka kifyatulio. Bisibisi sharti iingie barabara katika mfereji wa skrubu. Bunduki nyingi za kale zilizopendeza zimeharibiwa sura na bisibisi nyembamba ya jikoni, na skrubu iliyochunika humweleza kila mnunuzi kwamba ndani pia huenda kumepita mikono isiyojua.

Baada ya hapo zinasukumwa nje pini mbili zinazoshikilia kifyatulio. Hapa pana mtego mdogo. Kitufe cha usalama, kilichoko nyuma ya silinda, kina springi ndogo chini yake na huzuiwa na kifyatulio chenyewe. Kifyatulio kikitoka, kitufe huruka na kupotelea chini ya meza. Weka kidole gumba juu yake.

Sasa tumefikia hatua ya hatari. Hata bunduki ikiwa haijakokiwa, springi iliyomo ndani imebanwa kwa sentimita kadhaa, na nguvu yake huweza kufikia makumi ya kilo. Katika HW35 mfuniko wa nyuma wa silinda umefungwa kwa hesi, kwa hiyo hufunguliwa kwa kuuzungusha. Katika bunduki nyingine za kale mfuniko huo hushikiliwa na pini tu, na pini ikitolewa springi hutoka yote kwa mara moja. Kwa sababu hiyo mafundi hutumia kifaa maalumu cha kubania springi, ambacho ni fremu ya mbao au chuma yenye skrubu ndefu upande mmoja. Bunduki hulazwa ndani ya fremu, skrubu hukazwa mpaka ishike mfuniko, kisha huachiwa taratibu mpaka nguvu yote iishe. Wapo wanaojigamba kwamba huufungua mfuniko wa hesi kwa mikono na kuukandamiza kwa kifua. Mwandishi wa makala haya hashauri jambo hilo kwa mtu anayependa mbavu zake. Mizunguko ya mwisho ya hesi ndiyo inayodanganya, kwa kuwa hesi moja au mbili zilizobaki zikichunika, hakuna kinachoishikilia springi tena.

Springi ikishatoka, mkono wa kukokia huchomolewa katika mfereji wake na pistoni huvutwa nje. Katika baadhi ya modeli hilo haliwezekani mpaka boliti ya bawaba ya mtutu itolewe kwanza. Kinachoonekana ndani mara nyingi ni uchafu mweusi, yaani grisi ya miaka 50 iliyogeuka kuwa kama lami, vumbi la chuma, na wakati mwingine vipande vya springi iliyovunjika. Vyote hufutwa kwa kitambaa na kiyeyusho, mpaka kitambaa kitoke kikiwa safi.

Springi huviringishwa juu ya kioo. Ikiyumba, imepinda, na hiyo inatosha kueleza kelele na mtetemo. Kizibo cha ngozi hukaguliwa ukingo wake. Kama kimekauka lakini hakijapasuka, hurudishiwa uhai kwa kulowekwa katika mafuta ya kwato za ng'ombe, yale yale yanayotumiwa na watengenezaji wa matandiko ya farasi. Kama kimepasuka, kipya huweza kununuliwa au hata kukatwa kutoka katika ngozi nene, ikalowekwa na kukandamizwa katika umbo la kikombe. Ngozi ina sifa moja ambayo plastiki haina, kwamba husamehe silinda isiyo laini sana. Lakini hutaka mafuta kidogo mara kwa mara.

Kazi ya kurekebisha yenyewe, ile inayoleta tofauti kubwa kuliko zote, haihusu kuongeza nguvu. Inahusu kuondoa mikwaruzo. Kingo za mfereji wa mkono wa kukokia hulainishwa kwa tupa ndogo na msasa, maana kingo hizo zikiwa kali hukikata kizibo kipya siku ile ile kinapoingizwa. Ncha mbili za springi hung'arishwa ili zizunguke bila kukwama. Kisha hutazamwa fimbo inayoongoza springi kwa ndani. Katika bunduki nyingi za kiwandani fimbo hiyo ni nyembamba kuliko inavyotakiwa, na springi hucheza juu yake. Hapo ndipo unapotoka ule mlio wa godoro. Fimbo mpya iliyochongwa kwa plastiki ngumu, ambayo springi huingia kwa kubana kidogo, huuondoa mlio huo karibu wote.

Suala la vilainishi ndilo linaloharibu bunduki nyingi zaidi. Grisi yenye molibdenamu hupakwa kiasi kidogo sana pale pistoni inapogusana na silinda, na grisi nzito inayonata hupakwa juu ya springi. Mbele ya pistoni, mahali hewa inapobanwa, isiwekwe grisi. Sababu ni lile joto tulilolitaja. Mafuta yakiwa mengi hapo huwaka yenyewe, kama yanavyowaka katika injini ya dizeli, na bunduki hutoa mlio wa baruti na moshi. Vijana hufurahia mlio huo. Springi na kizibo havifurahii.

Hata hivyo, si kwamba mafuta hayana kazi kabisa. Katika miaka ya 1970, Waingereza wawili wa familia ya Cardew, baba na mwana, waliifyatua bunduki ya springi ndani ya gesi ya naitrojeni, ambamo hakuna kitu kinachoweza kuungua. Kasi ya punje ilishuka sana. Ikabainika kwamba hata katika bunduki iliyotunzwa vizuri, sehemu ya nguvu hutokana na kuungua kwa chembe ndogo za mafuta. Weihrauch wenyewe walishalijaribu wazo hilo kwa makusudi katika miaka ya 1950, walipotoa bunduki iliyoitwa Barakuda, jamaa ya HW35, iliyokuwa na kifaa cha kuingizia etha ndani ya silinda.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Nchini Uingereza bunduki ya upepo yenye nguvu zaidi ya futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16.3, huhesabiwa kuwa silaha inayohitaji hati maalumu ya polisi. Huko Scotland, tangu Desemba 31, 2016, hata zile za chini ya kiwango hicho zinahitaji leseni. Ujerumani kiwango cha zile zinazouzwa bila kibali ni jouli 7.5, nazo hutambulika kwa herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Kwa hiyo mtu anayenunua springi ya ukali zaidi na kuifunga nyumbani huweza kuvuka mstari bila kujua, na kutojua si utetezi mbele ya hakimu. Hesabu yake ni rahisi, nayo ni uzito wa punje kwa kilo, mara kasi kwa kasi, gawanya kwa mbili. Punje ya milimita 4.5 yenye gramu 0.51 ikienda mita 240 kwa sekunde hubeba jouli 14.7. Ikifika mita 253 kwa sekunde, kiwango cha Uingereza kimekwisha kupitwa. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, nasaha ni kuanzia kituo cha polisi kabla ya kumiliki au kufungua bunduki ya aina hii, na si baada ya jirani kulalamika.

Kuifunga bunduki ni kurudia hatua zile zile kinyumenyume, isipokuwa jambo moja ambalo wageni wa Rekord hulisahau. Kifyatulio hicho sharti kikokiwe mkononi kabla ya kuingizwa. Kisipokokiwa, pini zitaingia, kila kitu kitaonekana sawa, na bunduki haitakubali kukokika. Baada ya hapo, mtutu ukiwa umekunjwa, ushikwe kwa nguvu muda wote wa kuweka punje. Kifyatulio kilichokosewa kikiachia wakati mtutu uko wazi, mtutu hurudi juu kwa ghafla na kukata kidole kilichoko katikati. Skrubu ya kulainisha kifyatulio nayo isizidishwe. Kifyatulio kinachoachia kwa kuguswa na upepo hakifai hata kwa bingwa.

Punje za mwanzo hutoa moshi kidogo na kasi zake hupishana. Baada ya punje 50 hivi takwimu hutulia, na hapo ndipo zinapolinganishwa na zile 10 za mwanzo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa punje ni madini ya risasi, nayo ni sumu. Springi ya zamani na kizibo chake visitupwe. Vitiwe katika mfuko na kuandikwa namba ya bunduki, kwani anayenunua bunduki ya kale, siku atakapokuja, huuliza kwanza viko wapi vipuri vyake vya asili.