Uzi wa Kwanza na Mikono ya Mama

Siku moja chuoni kwetu hapa Mloka tulikuwa tukisoma Suratin-Nahl, tukafika aya ya 92, ambamo umetajwa mfano wa mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti. Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, uzi si hutoka dukani? Yeye aliusokotaje?" Tukainamisha macho, nayo yakaangukia mikeka ya plastiki waliyokalia watoto. Mikeka ile tuliinunua sisi wenyewe, kwa kuwa ni rahisi na yafulika upesi.

Swali lile lina jibu la kale sana. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza habari ya kipande cha kamba kilichokutwa kimegandamana na jiwe la kukatia, mahali paitwapo Abri du Maras, nchini Ufaransa. Urefu wake ni kama milimita 6 tu, na umri wake wapita miaka 40,000. Ni nyuzi tatu za gome la mti: kila mmoja umesokotwa upande mmoja, kisha zote zikapindwa pamoja kwa upande wa pili. Hapo ndipo penye hekima. Uzi uliosokotwa peke yake, ukiuachia, hurudi nyuma ukafumuka. Bali nyuzi zikipindwa pamoja kinyume cha msokoto wao, kila mmoja hutaka kufumuka, na kwa kutaka huko humkaza mwenziwe. Bibi zetu wa Rufiji hulifanya jambo hili huku wakizungumza, wala hawaitazami mikono yao.

Mbona basi twasikia sana habari za wawindaji na silaha zao za mawe, wala hatusikii za kamba? Kwa sababu jiwe hubaki, na uzi huoza. Katika pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, alizikwa mtoto wa umri wa miaka kama mitatu, yapata miaka 78,000 iliyopita. Wataalamu, walioeleza habari zake mwaka 2021, walitambua kwamba alikuwa amefungwa kitu mwilini kwa jinsi mifupa yake ilivyokaa. Kitu chenyewe, kama ni majani au ngozi, kilikwisha kuoza zamani. Na aliyemfunga pia hatajwi popote.

Kwa nini kazi ya nyuzi iliwaangukia wanawake katika jamii nyingi? Mtaalamu Judith Brown aliandika mwaka 1970 kwamba kazi inayotegemewa kwa mwanamke huwa ni ile iwezayo kufanywa pamoja na kulea: iwe karibu na nyumbani, isimhatarishe mtoto, na iweze kukatizwa kisha ikaendelewa. Elizabeth Wayland Barber naye akaieleza hoja hiyo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya wanawake na ufumaji. Sisi hatukuhitaji vitabu kuyaona hayo. Mama hukata majani ya ukindu, huyaanika, huyachana chane nyembamba, nyingine huzitia rangi, kisha hukaa barazani akasuka ukili. Mtoto akilia, huuweka chini; akinyamaza, huushika tena palepale alipoachia. Ukili ukiwa mrefu wa kutosha hushonwa kwa shazia, ukawa mkeka. Lakini hiyo si kanuni ya kila mahali. Kwa Wakuba wa Kongo wanaume ndio wafumao nguo za majani ya mwale, na wanawake huzitarizi. Basi asemaye kwamba mwanamume hapasi kushika shazia, hana hoja.

Nguo nazo zilifumwa pwani yetu. Kilwa Kisiwani, kusini ya mto wetu, Neville Chittick alichimbua katika miaka ya 1960, akapata vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo hutiwa katika kijiti cha kusokotea ili kizunguke. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alitaja nguo za Mogadishu zilizopelekwa hata Misri. Kisha katika karne ya 19, baada ya mapatano ya mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, iliingia kwa wingi nguo ya viwandani, tukaiita merikani. Hakuna aliyekataza kusokota. Watu walinunua kilicho rahisi, kama tulivyonunua sisi mikeka yetu, na binti wa msokotaji akakua bila kufundishwa.

Tulimwendea bibi mmoja jirani, tukamwomba kipande cha kamba ili tukifumue mbele ya wanafunzi, wapate kuielewa aya. Akatupa, akasema: "Kufumua mtawaonyesha nyinyi, Mwalimu. Kusokota atawaonyesha nani?"

Sasa kila Alhamisi baada ya Alasiri huja chuoni na mzigo wake wa ukindu. Mpaka tunapoandika haya wamejitokeza wasichana watatu na mvulana mmoja. Ukili wao umepinda, na bibi ameufumua mara mbili.