Manowari zimekwenda, nyimbo zimebaki

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha vitu vichache: msahafu, saa ya mkono iliyokwisha kusimama, na picha moja ya kijana aliyevaa sare nyeupe ya baharia, kofia imekaa upande, meno yote nje. Kijana huyo ni yeye mwenyewe. Picha ilipigwa Mombasa katika miaka ya 1950, alipokuwa akitumikia jeshi la maji la Waingereza la Afrika Mashariki, lililoitwa Royal East African Navy. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka wa 1962, na baba akarudi nchi kavu akawa karani wa shehena bandarini. Mimi nilizaliwa baadaye. Baba niliyemjua alikuwa mtu wa kanzu na tasbihi, asiyekosa safu ya kwanza msikitini. Yule wa pichani sikumjua.

Ila palikuwa na jambo moja. Jioni nyingine, akiwa ameketi barazani akipiga viatu vyake rangi, baba alivumisha wimbo wa Kizungu. Hakutia maneno, ilikuwa ni sauti tu, nayo mguu wake ukigonga sakafu pole pole. Siku moja, nami ni mtoto wa miaka kumi na miwili, nimetoka chuoni na juzuu yangu kwapani, nikajiona nimekwisha kuwa mwanachuoni. Nikamwambia, "Baba, hizo ni nyimbo za walevi, hazifai." Hakunipiga wala hakunikemea. Alinitazama, akasema, "Haya, mwanangu," akaendelea na viatu vyake. Tangu siku hiyo hadi tulipomzika sikumsikia tena akiuvumisha wimbo ule.

Ndugu msomaji, neno hili nimeliweka kifuani zaidi ya miaka arubaini. Leo nalitoa, maana wazee waliobaki wa zama zile ni wa kuhesabu kwa vidole, na kila mwezi tunasikia mmoja amekwenda.

Sisi watu wa Mombasa hatuwezi kusema manowari hatuzijui. Neno lenyewe tumelichukua kwa Waingereza tukalivika kanzu likawa letu. Aprili mwaka wa 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo, kikosi cha Waingereza cha bahari ya Mashariki kilihamishia makao yake Kilindini. Shule ya Allidina Visram ikachukuliwa na serikali, wakakaa humo watu ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza na kufumbua simu za siri za Wajapani. Hata baada ya uhuru manowari za Kiingereza ziliendelea kuja. Kuanzia mwaka wa 1966 hadi 1975 zilikuwa zikizunguka mbele ya bandari ya Beira, Msumbiji, kuzuia mafuta yasifike Rhodesia, na mabaharia waliochoka na jua na maji matupu waliletwa Mombasa kupumzika.

Zilipotia nanga, Barabara ya Kilindini, ambayo leo ndiyo Moi Avenue, haikulala. Nilikuwa mdogo sana, lakini nakumbuka kofia zile nyeupe zikipita kwa makundi kama yangeyange. Upande wetu wa Mji wa Kale akina mama walivuta madirisha, na sisi watoto tukaambiwa magharibi isitukute nje. Kwetu sisi, usiku wa mabaharia ulikuwa ni ulevi, kelele, na mabinti wa watu walioachwa na mimba wasijue baba wa mtoto yuko bahari gani. Hayo yalikuwako, wala sikusudii kuyapaka rangi leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa London kusoma mashairi. Siku nilipopata nafasi nilikwenda stesheni ya Waterloo nikapanda gari la moshi la Portsmouth. Wenyeji wangu walistaajabu, wakaniambia watu huja Uingereza kuitazama London. Mimi nilitaka kuuona mji ambao baba alikuwa akiutaja kana kwamba una jamaa zake. Wakubwa wake wa melini wengi walikuwa watu wa huko, nao walimjaza masikio kwa habari zake. Aliuita Pompey, kama wauitavyo mabaharia wenyewe.

Portsmouth ni mji wa manowari tangu kale. Ile Victory, meli ya matanga ya Nelson, imewekwa pakavu huko tangu mwaka wa 1922, na watu hulipa kuingia kuitazama. Ukitoka lango la bandari unakutana na Queen Street, mtaa ambao zamani ulipangana vilabu vya pombe mlango kwa mlango. Baharia aliyepewa ruhusa ya kushuka, mshahara wa miezi umo mfukoni, hakuwa na haja ya kuuliza njia.

Lakini si pombe peke yake. Mji ule ulikuwa na majumba ya michezo yanayong'ara kwa dhahabu na mahameli. Kings Theatre, iliyoko Southsea, ilifunguliwa mwaka wa 1907, kazi ya Frank Matcham, bingwa wa kujenga majumba hayo Uingereza. Katika majumba ya namna hiyo mtu alilipa nauli ndogo ya furaha akaona kila kitu kwa usiku mmoja: mwimbaji, mchekeshaji, mrusha mipira, mbwa waliofunzwa kucheza. Yule mchekeshaji Peter Sellers, ambaye dunia ilimjua baadaye katika sinema, alizaliwa Southsea mwaka wa 1925, na wazazi wake walikuwa watu wa michezo hiyo. Ng'ambo ya gati ya matembezi palikuwa na ukumbi wa dansi ulioitwa Savoy, ambamo mabaharia wengi walikutana na wasichana wakawa wake zao. Ukumbi huo haupo tena, umevunjwa.

Kuna na habari ya rum, pombe kali ya miwa. Serikali yenyewe ndiyo iliyowapa mabaharia pombe hiyo, kila siku, kama sehemu ya posho. Mwaka wa 1740 jemadari mmoja, Vernon, alipoona ulevi umezidi aliamuru itiwe maji. Hata hivyo desturi iliendelea, na ilikomeshwa tarehe 31 Julai mwaka wa 1970 tu. Siku hiyo mabaharia walijifunga vitambaa vyeusi mikononi, wengine wakafanya kama wanazika maiti! Asiyetaka kunywa aliandikwa herufi ya T mbele ya jina lake, akalipwa senti zake badala ya kileo. Naam, hata miongoni mwao walikuwako waliokataa. Bibi mmoja mcha Mungu, Agnes Weston, alifungua nyumba ya mapumziko ya mabaharia huko Devonport mwaka wa 1876, kisha Portsmouth, mahali pa chai na kitanda safi bila tone la pombe. Alipokufa mwaka wa 1918 jeshi la maji lilimzika kwa heshima zake zote. Niliposikia hayo nikajiuliza baba yangu aliandikwa herufi gani. Swali hilo nalo sikumwuliza.

Alasiri ile nilitembea hadi kwenye uwanja wa majani ulioko ufukoni Southsea. Pana mnara mrefu wa ukumbusho, na chini yake kuta zimeandikwa majina ya mabaharia zaidi ya 24,000 wa vita viwili vikuu, watu ambao kaburi lao ni bahari. Kwenye benki mbele ya kuta hizo alikuwa ameketi mzee wa Kiingereza, bakora mkononi, amevaa tai yenye alama ya nanga. Nilimwamkia nikaketi. Aliponiuliza nimetoka wapi, nami nikajibu Mombasa, uso wake ulichanua.

"Jambo!" akasema. "Pole pole! Nilikuwako kwenu mwaka wa 1967." Akaanza kuhadithia. Taa za Barabara ya Kilindini. Joto la usiku. Bendi iliyopiga hadi alfajiri. Mashua iliyowarudisha melini, nao wamebebana, wanaimba wote kwa sauti moja hata aliyekuwa hajui wimbo. Aliimba vipande viwili vitatu pale pale kwenye benki, na wapita njia wakatabasamu. Mimi nilimsikiliza nusu nikicheka, nusu nikiona uchungu, kwa kuwa usiku anaoukumbuka yeye kama peponi ndio usiku ambao mama yangu alifunga madirisha.

Nikamwuliza, "Mzee, na baharini kwenyewe palikuwaje?"

Akanyamaza kimya. Kisha akainua bakora akauonyesha ukuta wa majina. "Baba yangu yumo humo," akasema. "Alikwenda na Hood."

Wasomaji wa umri wangu huenda wamesikia habari za Hood. Ilikuwa manowari kubwa iliyotajika kuliko zote Uingereza, na bandari yake ilikuwa Portsmouth. Tarehe 24 Mei mwaka wa 1941 ilipigana na Bismarck ya Wajerumani, ikapasuka na kuzama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,415. Waliookoka walikuwa watatu. Baharia mmoja wa meli hiyo, Jon Pertwee, alikuwa amehamishwa kwenda mafunzo ya uofisa muda mfupi kabla ya safari ile. Huyo ndiye aliyekuja kuwachekesha Waingereza miaka mingi katika mchezo wa redio wa BBC ulioitwa The Navy Lark, tangu mwaka wa 1959 hadi 1977, mchezo wa mzaha juu ya mabaharia wazembe wa Portsmouth. Taifa zima lilicheka. Na mmoja wa wanaolichekesha, karibu wenzake wote wa melini walikuwa chini ya bahari.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Nami nikakumbuka bandari yangu. Februari mwaka wa 1944 meli ya abiria Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki kwa mamia, mabaharia, na wauguzi wa kike. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, baada ya chakula cha mchana, baadhi ya abiria walikuwa wamekusanyika ukumbini kusikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, wakafa watu 1,297. Ni wangapi kati yetu tunaopita Kilindini kila siku tunaoijua habari hiyo? Wazee wetu wa bandarini waliijua. Baba, aliyeingia jeshini miaka michache tu baadaye, bila shaka aliisikia kwa waliokuwako.

Nilimwambia yule mzee juu ya wimbo wa baba. Akasogea karibu, akasema, "Nivumishie, nitakuambia ni upi." Nikafumba macho, nikaanza. Kipande cha kwanza kilikuja. Cha pili nikakwama. Nikaanza upya, nikakwama pale pale. Mzee alijaribu kunisaidia, akavumisha hiki na kile, nami nikatikisa kichwa kila mara. Mwishowe akaniwekea mkono begani. "Huenda ukawa wowote kati ya mia," akasema. "Tulikuwa na nyimbo nyingi. Tuliimba kwa kuwa asubuhi tunaondoka."

Nilirudi London usiku ule, sikusema na mtu njiani.

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kuusifu ulevi, wala sisemi kuwa mambo yote ya zama zile yalikuwa mema. Mwalimu wangu wa chuoni alinifunza haramu na halali, namshukuru kwa hilo. Lakini alinifunza pia kuwa mzazi haambiwi hata "ah!", nami aya hiyo nilikuwa nimekwisha kuihifadhi siku ile nilipomkata baba kauli barazani. Niliijua kwa ulimi tu. Sasa naona kuwa mzee anapovumisha wimbo wa ujana wake, huenda haitamani dansi wala kilabu. Huenda anawaita wenzake waliolala chumvini, na hana njia nyingine ya kuwaita. Yule mzee wa Southsea aliimba kwa sauti, wapita njia wakatabasamu. Baba yangu aliimba puani, nami mwanawe nikamnyamazisha.

Basi kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyewahi kuvaa sare nyeupe, au kupanda meli za Wazungu, au kupakua shehena za vita, mkalie karibu. Mtilie kahawa. Mwulize wimbo, na akikwisha kuimba mwulize ni nani walikuwa wakiimba naye. Yaliyo ya haramu mwachie yeye na Mola wake. Majina uyaandike.

Mimi nimebaki na picha, na kipande cha kwanza cha wimbo nisioujua jina. Kwa kuwa wa baba nimeupoteza, nimemtungia wangu:

Taa zawaka bandari, ngoma yalia mjini,
Mabaharia hodari, washuka toka melini,
Wasahau ya bahari, na wenzi walo chumvini,
Mola aijua siri, ya mja ilo moyoni.