Wenzetu wa Reli ya Chini ya Ardhi



Sisi tunaoamka jogoo la kwanza kuwahi king'ora cha kiwanda au lori la shambani, twajua kwamba siku ya kazi huanzia njiani. Gari likichelewa, nyapara hakuulizi sababu, hukuandika mtoro. Basi leo tuwatazame wenzetu wa New York, Marekani, wanaoendesha treni chini ya mji.

Reli hiyo ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904 ikiwa na stesheni 28. Leo stesheni ni 472, na treni hupita usiku na mchana. Njia nyingi kubwa zina reli nne: mbili za katikati ni za treni za haraka, zinazopita stesheni ndogo bila kusimama, mbili za pembeni ni za treni zinazosimama kila stesheni. Mfagiaji, mpishi wa hoteli na muuguzi anayetoka zamu saa nane za usiku huingoja hii ya pili, kwa kuwa ndiyo inayomfikisha mtaani kwake.

Nauli ilikuwa senti 5 tangu 1904 hadi 1948. Abiria alifurahi, lakini aliyeendesha treni hakuwa na raha. Chini ya makampuni ya matajiri, wengi walifanya kazi siku 7 kwa juma, hata saa 12 kwa siku. Mwaka 1934 walianzisha chama chao, Transport Workers Union. Walikutana kwa siri, maana makampuni yaliweka wapelelezi kati yao. Kiongozi wao mashuhuri alikuwa Mike Quill, mhamiaji kutoka Ireland.

Tarehe 1 Januari 1966 waligoma. Mahakama iliamuru warudi kazini. Quill akaichana amri hiyo mbele ya waandishi wa habari. Alifungwa, akaugua gerezani, akapelekwa hospitali. Mgomo uliendelea siku 12 mpaka nyongeza ya mshahara ikapatikana. Tarehe 28 mwezi huo huo Quill alifariki.

Wakubwa nao hawakulala. Mwaka 1967 jimbo la New York lilitunga sheria ya kuwakataza watumishi wa umma kugoma. Anayegoma hukatwa ujira wa siku mbili kwa kila siku moja ya mgomo. Hata hivyo waligoma tena siku 11 mwaka 1980, na siku 3 katika baridi ya Desemba 2005.

Mgomo huo wa 2005 una fundisho kubwa. Wakubwa walitaka wafanyakazi wapya wachangie zaidi pensheni kuliko wale wa zamani. Waliokuwa kazini wangeweza kusema, "Hayo hayatuhusu." Hawakusema hivyo. Waliacha kazi kwa ajili ya watu ambao hata hawajaajiriwa. Gharama yake haikuwa ndogo: chama kilitozwa faini ya dola milioni 2.5, rais wake Roger Toussaint akahukumiwa kifungo cha siku 10, na mahakama ikasimamisha kwa muda utaratibu wa kukata ada ya chama kwenye mishahara. Ikabidi viongozi wamfuate mwanachama mmoja mmoja kuomba ada yake.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, mji uliambiwa ukae nyumbani. Treni hazikukaa, kwa sababu wauguzi na wauza vyakula walipaswa kufika kazini. Zaidi ya wafanyakazi 100 wa usafiri wa mji huo walikufa kwa ugonjwa huo.

Ndugu zetu, tujiulize. Tajiri akija kesho na kusema, "Ninyi wa zamani hamtaguswa, ni vibarua wapya tu," tutanyamaza? Na ada ikiacha kukatwa ofisini, tutaileta wenyewe kwa mikono yetu? Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuyajibu maswali haya katika mikutano ya matawi yetu kabla tajiri hajatuuliza.